Mkulima, Mjane na Mchungaji: Utazame Ipi kati ya Shane, Once Upon a Time in the West na Open Range?

Filamu za kauboi zinazohusu ardhi zina mifupa inayofanana. Kuna bonde au shamba linalogombewa na watu wawili, mahakama iko mbali au imekwisha kununuliwa, na siku moja anatokea mtu anayejua kutumia bastola kuliko wengine wote. Kwa sababu hiyo mtazamaji mgeni huona kwamba akiisha kutazama moja ametazama zote, kisha akajikuta mbele ya orodha ndefu asijue kwa nini achague hii aache ile. Tofauti ipo, nayo ni kubwa, ila haionekani katika farasi wala katika kofia. Inaonekana katika swali la nani amepewa haki ya kudai ardhi hiyo, na mwongozaji amemfanya mtazamaji asimame upande wa nani.

Makala haya yanalinganisha filamu tatu. Ya kwanza ni Shane, iliyoongozwa na George Stevens na kuanza kuonyeshwa mwaka 1953. Ya pili ni Once Upon a Time in the West ya Mwitaliano Sergio Leone, ya mwaka 1968. Ya tatu ni Open Range ya Kevin Costner, ya mwaka 2003. Nimezichagua hizi kwa kuwa kila moja inamtetea mtu tofauti: katika ya kwanza ni mkulima mdogo, katika ya pili ni mjane aliyeachiwa shamba lenye maji, na katika ya tatu ni mchungaji wa ng'ombe asiye na ardhi yake hata hatua moja. Miisho yake sitaitaja, kwani anayesoma ulinganisho ili achague bado hajatazama.

Vigezo vilivyotumika

Nimezipima kwa mambo matano. La kwanza ni mgogoro wenyewe: je, mtazamaji anaelewa kila upande unadai nini na kwa msingi gani, au ardhi ni kisingizio tu cha kufyatuliana risasi? La pili ni mwenye bastola: ni mtu wa namna gani, na kifo katika filamu hiyo kina uzito kiasi gani? La tatu ni urefu na mwendo. La nne ni picha na sauti, pamoja na nakala inayofaa kutafutwa. La tano ni watazamaji wenyewe, yaani kama inafaa kukaa nayo sebuleni pamoja na watoto, na kama asiyemudu Kiingereza vizuri ataweza kuifuata. Nakiri mapema kwamba mimi nalipa uzito zaidi jambo la kwanza. Anayejali zaidi picha au mapigano apime kwa mizani yake.

Kwanza, sheria ya ardhi

Mgogoro unaosimuliwa katika filamu hizi haukubuniwa na waandishi wa Hollywood. Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyomruhusu mtu kuchukua ekari 160 za ardhi ya serikali, yaani takriban hekta 65, na kuzimiliki baada ya kuishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria nyingine iliyozipa kampuni za reli ardhi kubwa kandokando ya njia ya kuelekea Pasifiki. Wakati huo wafugaji wakubwa walikuwa wakilisha maelfu ya ng'ombe katika nyanda ambazo kisheria hazikuwa zao, zilikuwa mali ya umma, lakini wao walizihesabu kuwa zao kwa sababu walitangulia kufika. Kisha ikaja seng'enge, ambayo Joseph Glidden alipewa hati ya ugunduzi wake mwaka 1874, na mkulima maskini akaweza kuzungushia shamba lake kwa gharama ndogo. Ng'ombe aliyezoea kwenda mtoni moja kwa moja sasa alikutana na waya.

Kwa hiyo palikuwa na madai matatu juu ya ardhi ileile, na kila dai lilikuwa na chembe ya haki mbele ya sheria au mbele ya desturi. Chini ya madai hayo yote lilikuwapo la nne, la watu wa asili walioondolewa humo kwa vita na kwa mikataba iliyovunjwa, na hilo karibu halisikiki katika filamu yoyote kati ya hizi tatu. Mtazamaji alijue hilo kabla ya kuanza, kwa maana filamu hizi hujadili ni mgeni yupi mwenye haki zaidi katika nyumba ya watu ambao hawapo mezani.

Mgogoro wa ardhi

Katika Shane, mzozo uko wazi kama mstari uliochorwa mchangani. Tuko katika bonde la Wyoming. Joe Starrett, mkulima aliyeigizwa na Van Heflin, amejenga kibanda chake na kupanda mazao pamoja na jirani wachache, na mfugaji Rufus Ryker anataka waondoke ili ng'ombe wake wapite. Kinachoipandisha filamu hii juu ya nyingine za wakati wake ni kwamba Ryker anapewa nafasi ya kujieleza. Usiku mmoja anafika uani kwa Starrett na kumweleza kwamba yeye na wenzake ndio waliolifanya bonde hilo likalike, kwamba bega lake bado linamuuma kwa ajili ya mshale wa Wacheyenne, mojawapo ya makabila ya watu wa asili, na kwamba si haki mtu aliyekuja jana azungushie waya maji ambayo wengine waliyamwagia damu. Si maneno ya mpumbavu. Starrett anamjibu kwamba hata yeye Ryker hakuwa wa kwanza, kwani kabla yake walikuwapo wategaji na wafanyabiashara, na kwamba kutangulia si sawa na kumiliki. Wote wawili wanalisogelea swali la watu wa asili, wakaishia mlangoni. Hata hivyo, kwa dakika chache hizo mtazamaji anasikia kesi nzima, ya mdai na ya mdaiwa, jambo ambalo mabaraza mengi ya ardhi ya kweli hayalifanikishi.

Once Upon a Time in the West inauficha mgogoro wake kwa muda mrefu. Mtu aitwaye McBain anauawa pamoja na watoto wake katika shamba kavu liitwalo Sweetwater, na kwa saa nzima mtazamaji hajui nani angelitaka shamba lenye vumbi kiasi hicho. Jibu ni maji. Injini ya mvuke haiendi bila maji, eneo lote halina kisima kingine, na McBain alinunua mahali hapo miaka mingi nyuma akijua kwamba reli italazimika kupita. Anayerithi ni Jill, aliyeigizwa na Claudia Cardinale, ambaye ameshuka kutoka kwenye treni akidhani anakuja kwenye arusi na kukuta matanga. Haki yake ina sharti: stesheni iwe imejengwa kabla reli haijafika, la sivyo haki inapotea. Leone anajua kwamba ardhi huporwa kwa bastola, lakini pia kwa mkataba, kwa tarehe ya mwisho na kwa mnada ulioandaliwa watu waogope kutaja bei. Anayetaka kuona jinsi mtaji unavyoinunua nguvu ya silaha, na jinsi mwenye pesa anavyoshindwa kumtawala muuaji aliyemkodi mwenyewe, hatapata filamu bora ndani ya kundi hili. Anayetaka hoja za pande zote mbili hatazipata hapa, kwa kuwa upande wa pili hauna hoja, una tamaa tu.

Open Range inageuza kiti. Boss Spearman, aliyeigizwa na Robert Duvall, na Charley Waite, aliyeigizwa na Costner mwenyewe, wanapitisha kundi lao la ng'ombe katika nyanda za Montana mwaka 1882, wakilisha wanapopita. Hawajavunja sheria yoyote. Mwenye shamba kubwa, Denton Baxter, hawataki, na kwa kuwa yeye ndiye anayeushika mji pamoja na sherifu wake, sheria inakuwa vile anavyosema. Msomaji wa Kilosa au wa Kiteto, huko Tanzania, atazoea haraka habari ya mifugo inayoingia mahali isipotakiwa, ila atambue tofauti moja: hapa wanaogombana ni wafugaji wote, mmoja mwenye hati na mwingine mwenye desturi, na filamu iko upande wa desturi. Udhaifu wake ni kwamba Baxter amechorwa kwa wino mweusi mtupu. Michael Gambon anamwigiza kwa nguvu, lakini hapewi usiku hata mmoja wa kujieleza kama ule aliopewa Ryker, na hoja ya kweli ambayo mtu kama yeye angeweza kuitoa, kwamba malisho ya wote huishia kuwa malisho ya wapita njia na kumalizika, haitamkwi.

Mwenye bastola

Shane, mgeni aliyevaa ngozi, anafika kwa Starrett akitafuta maji ya kunywa na kuishia kuwa kibarua. Alan Ladd anamwigiza kwa upole unaotia shaka: mtu anayeshtuka kwa mlio mdogo, asiyependa kukaa akiupa mlango mgongo. Katika sehemu ya mwanzo yeye na Starrett wanang'oa kisiki kikubwa kilichomshinda mwenye shamba kwa muda mrefu, na katika dakika hizo chache tunaelewa kwamba mtu huyu anatamani kuishi kwa shoka kuliko kwa bastola. Kinyume chake ni Jack Wilson, muuaji wa kukodiwa aliyeigizwa na Jack Palance, ambaye huvaa glovu kabla ya kuua kama fundi anayejiandaa kuanza kazi.

Bunduki katika filamu hii hailii mara nyingi, na ndiyo maana inapolia mtu huruka kitini. George Stevens alikuwa amepiga picha za vita akiwa na jeshi la Marekani barani Ulaya na kuingia katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Dachau mwaka 1945. Aliporudi hakutaka kifo cha risasi kionekane kama mchezo, kwa hiyo aliongeza kwa makusudi ukubwa wa mlio wa bastola, na mkulima Torrey anapopigwa, mwili wake unavutwa nyuma kwa waya uliofichwa ili ionekane risasi imemtupa. Anaanguka matopeni. Hakuna muziki wa kishujaa. Kuna matope, kimya, na jirani anayelazimika kuuchukua mwili. Kizazi chetu kilicholelewa katika vibanda vya video na kanuni ya kwamba stelingi hafi kitaikuta hapa filamu inayotaka kila kifo kihesabiwe, hata cha mtu mdogo asiye stelingi.

Leone anaichezea kanuni hiyo kwa namna nyingine. Henry Fonda alikuwa ameigiza watu waadilifu kwa zaidi ya miaka thelathini, na uso wake ulikuwa umekwisha kuwa uso wa haki machoni pa Wamarekani. Leone alimpa nafasi ya Frank, muuaji wa watoto, na akachelewesha kumwonyesha sura, kamera ikimzunguka polepole hadi yale macho ya buluu yanapofunuka na mtazamaji kutambua nani amefanya unyama ule. Dhidi yake kuna mtu asiye na jina, aliyeigizwa na Charles Bronson, ambaye hupiga kinanda cha mdomo badala ya kujibu maswali, na jambazi Cheyenne wa Jason Robards, ambaye ndiye pekee mwenye ucheshi. Hawa si watu hasa, ni vivuli vya watu wa filamu za zamani. Kifo hapa ni ibada: kinaandaliwa kwa dakika nyingi na kumalizika kwa nukta moja. Kinapendeza macho, ila hakiumizi kama kile cha Torrey.

Charley Waite wa Open Range ana jambo ambalo wenzake hawana, nalo ni kumbukumbu inayosimuliwa wazi. Aliua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na baada yake, na anajua kuua kunakuwaje, kwa hiyo anapopanga mapambano anayapanga kama fundi, akimweleza mzee Spearman nani atakuwa mwoga na nani atafyatua kwanza. Mapambano yenyewe ni marefu, na ni ya ovyo kwa makusudi: watu wanakosa shabaha wakiwa hatua chache tu, waliojeruhiwa wanatambaa, wakazi wa mji wanakimbia kisha wanarudi wakiwa na bunduki zao. Kabla ya hapo kuna kitu kidogo nilichokipenda kuliko risasi zote. Wazee wawili wanaojua kwamba huenda wasiione jioni wanaingia dukani na kununua chokoleti ya bei, wakaila taratibu.

Kuhusu wanawake niseme kwa ufupi. Marian wa Jean Arthur katika Shane ndiye anayepinga bunduki kwa hoja, akisema bonde lingekuwa heri kama isingebaki hata moja. Jill wa Cardinale ndiye mwenye mali, na kila mwanamume katika filamu anamzunguka yeye. Sue wa Annette Bening katika Open Range, dada yake daktari wa mji, amepewa akili na umri, jambo nadra, ingawa hati ya ardhi haimhusu.

Urefu na mwendo

Shane ina dakika 118 na hakuna inayopotea. Open Range ina dakika 139, na nusu yake ya kwanza ni mvua, nyasi, kahawa na mazungumzo; asiye na subira atadhani ametapeliwa, kisha nusu ya pili itamlipa. Once Upon a Time in the West ina takriban dakika 165 katika nakala kamili, na inaanza kwa watu watatu wakingoja treni stesheni kwa zaidi ya dakika kumi bila mazungumzo ya maana. Nzi anatembea usoni pa mmoja. Matone ya maji yanadondokea kofia ya mwingine, aliyeigizwa na Woody Strode, mmoja wa waigizaji weusi wachache waliopata nafasi za maana katika filamu za kauboi za enzi hiyo. Sehemu hiyo ni kipimo kizuri: ikikuchosha, zima, kwa maana filamu yote ndivyo ilivyo.

Picha, sauti na nakala ya kutafuta

Shane ilipigwa karibu na Jackson Hole, chini ya milima ya Teton, na mpigapicha Loyal Griggs alipata Oscar kwa kazi hiyo. Kuna tahadhari moja. Filamu ilipigwa kwa umbo la karibu mraba mwaka 1951, lakini ilipotoka majumba ya sinema yalikuwa yanahamia skrini pana, basi ikakatwa juu na chini ili ijaze. Ukiona nakala yenye vichwa na vilele vya milima vilivyokatwa, tafuta nyingine. Iliyo sahihi itaacha nafasi nyeusi pande mbili za televisheni, na hiyo si kasoro.

Once Upon a Time in the West ni kinyume chake. Ni pana mno, kutoka Almería ya Hispania hadi Monument Valley ya Marekani, na Leone huruka kutoka jangwa zima hadi jozi moja ya macho. Kwenye simu inakufa. Ennio Morricone aliutunga muziki kabla ya kupiga picha, na ukachezwa waigizaji wakiwa kazini, kwa hiyo watu wanatembea kwa mwendo wa muziki na si muziki unaowafuata watu. Kila mhusika mkuu ana wimbo wake, na anayesikiliza vizuri atajua nani anakaribia kabla hajamwona. Nakala ya Marekani ya wakati ule ilipunguzwa hadi dakika 145 na sehemu nyingine zikawa hazieleweki, hiyo usiichukue.

Open Range ilipigwa Alberta, Kanada, na mji wake ulijengwa mahsusi. Picha ni safi na ya kawaida, nzuri bila kushangaza. Nguvu yake iko katika sauti, kwani bastola zake hulia kwa mkazo kama wa Stevens, na mwenye spika nzuri atafaidi.

Nani akae nayo

Shane inaonwa kwa macho ya mtoto Joey, aliyeigizwa na Brandon deWilde, ambaye uteuzi wake wa Oscar ulikuja akiwa bado mdogo. Mtoto wa miaka kumi ataielewa, na mzazi atapata mengi ya kujibu baadaye. Once Upon a Time in the West haifai watoto: kuna mauaji ya mtoto mwanzoni na sehemu ya mwanamke anayelazimika kujitoa kwa muuaji ili aishi. Open Range ina damu nyingi na kifo cha mbwa kinachoumiza zaidi ya vifo kadhaa vya watu. Kijana wa shule ya sekondari ataimudu.

Kwa upande wa lugha, ya Leone ni rahisi kuliko zote, kwani maneno ni machache na sura zinasema. Shane husemwa kwa Kiingereza cha wazi cha studio za zamani. Katika Open Range Duvall humeza maneno kama mzee wa kweli wa machungani, kwa hiyo washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri.

Uchague ipi, kutegemea hali yako

Ikiwa hujawahi kutazama filamu ya kauboi na unataka moja itakayokufungulia mlango, au unatazama na watoto, au unafundisha na ungependa wanafunzi wabishane kuhusu nani ana haki ya ardhi, Shane itakufaa. Ina mipaka yake: jirani za Starrett wamechorwa haraka, na mwenye macho ya leo ataona wakulima wamesafishwa kuliko ilivyokuwa.

Ikiwa una skrini kubwa, usiku mrefu na sikio la muziki, na hukerwi na hadithi inayofunguka kidogokidogo, chukua ya Leone. Itamfaa pia yule aliyechoshwa na hadithi za wema dhidi ya ubaya na ambaye angependa kuona reli, benki na mnada vikifanya kazi ambayo kwingine hufanywa na bunduki. Usimwalike mtu anayependa kuuliza kila dakika nini kinaendelea.

Ikiwa unapenda watu wazima wanaozungumza polepole kuhusu uzee, majuto na urafiki, na ungependa mapambano yaonekane kama mapambano, kwa maana ya vurugu na woga, Open Range ni yako. Mfugaji atakayeitazama ataona jambo ambalo filamu hizi hulionyesha kwa nadra: ng'ombe wakiwa ni kazi ya kila siku, wala si mapambo ya nyuma ya farasi.

Ikiwa unachotaka ni historia yenyewe kuliko filamu nzuri, hakuna kati ya hizi itakayokutosha. Soma habari za Kaunti ya Johnson, Wyoming, mwaka 1892, pale wafugaji wakubwa walipoleta wapiganaji wa kukodi kutoka Texas wakiwa na orodha ya watu wa kuuawa, wakamuua Nate Champion, kisha wao wenyewe wakazingirwa na wananchi hadi jeshi la serikali lilipoingilia, na mwishowe hakuna aliyehukumiwa. Michael Cimino aliigeuza habari hiyo kuwa Heaven's Gate mwaka 1980, filamu ya zaidi ya saa tatu na nusu iliyotumia dola takriban milioni 44 na kurudisha sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Ina fahari ya macho, lakini inachukua uhuru mkubwa na watu wa kweli, kwa mfano Ella Watson na Jim Averell, ambao walinyongwa na wafugaji mwaka 1889, miaka mitatu kabla ya vita hivyo.

Na mwenye siku tatu asichague. Aanze na Shane ili ajue kanuni, amalizie na ya Leone siku asiyokuwa na kazi asubuhi yake, na Open Range aiweke katikati, jioni ya mvua ikipatikana, kwa sababu nusu ya filamu hiyo ni mvua.